Shemeji anataka bangili zangu za harusi akakopeshee watu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, Mhindu wa Kigujarati, naishi Tudor hapa hapa Mombasa. Nimeolewa katika familia ya Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu, yenye heshima zake, na tunaishi pamoja sote: wakwe zangu, mume wangu na mimi na watoto, pamoja na shemeji yangu mdogo ambaye bado hajaoa. Tuna duka la vifaa vya ujenzi Mwembe Tayari. Kinachopatikana dukani huingia mfuko mmoja anaoushika baba mkwe, na kila mwezi mume wangu hupewa shilingi 45,000 za matumizi. Siwezi kuuita mshahara kwa sababu haujaandikwa popote, na baba akiona biashara imelala huupunguza.

Mimi nyumbani nakaanga vitafunio, chevda na gathia, nawauzia majirani, ofisi mbili za mjini na duka moja la Nyali. Kwa mwezi naingiza kama 18,000. Mafuta, karanga na mifuko natoa humo humo, gesi ni ile ya nyumba. Kidogo kidogo nimeweka akiba, imefika 130,000. Mume wangu anajua, wakwe hawajui.

Sasa shemeji ameanza kukopesha wenye vibanda kule Kongowea. Riba yake ni asilimia kumi kwa mwezi, na anashika vitambulisho vyao mpaka walipe. Anataka kupanua. Ana macho na bangili zangu nane, jumla tola kumi, alizonivisha mama yangu mkononi siku ya mehndi, ya kupakwa hina, kabla sijaingia nyumba hii. Anataka kuziweka rehani kwa sonara apate mtaji. Anasema dhahabu iliyolala kabatini haizai, na kwamba nusu ya faida itakuwa yangu. Mume wangu hasemi ndiyo wala hapana. Mama mkwe ni mzaliwa wa Jinja, alitoka Uganda na wazazi wake mwaka 1972 akiwa msichana. Yeye anasema dhahabu ya bibi harusi ni ya nyumba, na mkwe mwema hapigi hesabu ya changu na chako.

Jambo jingine ni hekalu. Diwali iliyopita mume wangu alisimama mbele ya watu akaahidi 200,000 za ukumbi mpya, jina letu liandikwe kwenye jiwe la marumaru. Mpaka sasa ametoa 60,000. Karo ya mkubwa wetu muhula huu ni 52,000 na haijaisha; shule imetuma ujumbe mara mbili. Nikimwambia, ananijibu kwamba anachopewa Mungu hurudi maradufu.

La mwisho naona haya kuliandika. Nataka mali, Shangazi. Nataka kiwanja Mtwapa, nataka pesa yenye jina langu. Kwenye satsang, mikutano yetu ya mafundisho ya dini, nasikia habari za kuacha tamaa, nikirudi nyumbani nasoma habari za hisa na hati fungani mpaka usiku. Mnajimu aliyeletwa na mama mkwe ameangalia nyota yangu akasema sayari yangu ya Mshtarii ni dhaifu, ndiyo maana pesa hazikai, nivae pete ya yakuti ya manjano ya shilingi 85,000. Je, dini yangu inanikataza kutajirika, au mimi ndiye nisiyeielewa?

Mwenye Bangili, Tudor

Marahaba mwanangu.

Wiki hii bangili zisitoke kabatini. Wakikuuliza, waambie umeomba ushauri na bado unafikiri. Shemeji mwenye haraka na dhahabu ya mtu mwingine anaweza kusubiri Jumapili mbili.

Mimi nimezaliwa nyuma ya duka katika mji huu huu, nikalelewa kwa dal na mahesabu, kwa hiyo mambo ya nyumba yako hayanishangazi. Lakini safu hii inasomwa na watu wa dini zote, na kuna mahali itabidi nieleze mambo ambayo wewe unayajua tangu utotoni. Univumilie.

Katika Mahabharata, utenzi wetu mkubwa wa kale, Yudhishthira, mfalme aliyesifika kwa kusema kweli, alikaa kucheza kete na Shakuni. Akapoteza hazina, akapoteza ufalme, akawaweka dau ndugu zake mmoja mmoja, akajiweka mwenyewe, na mwisho akamweka mkewe Draupadi. Walipokuja kumchukua, Draupadi aliuliza swali moja: huyu mume wangu alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Maana kama alikuwa amekwisha kuwa mtumwa, haki ya kuniweka mimi dau aliipata wapi? Baraza lilijaa wazee na wasomi, Bhishma akiwemo, na wengi wao hawakumpa jibu la kueleweka. Bhishma alisema dharma, yaani njia ya haki, ni jambo gumu kulipambanua, akaishia hapo. Kila nikisoma sehemu ile, kinachonikera kuliko kete ni ule ukimya wa wanaume. Mume wako hasemi ndiyo wala hapana. Mwambie umemsikia akinyamaza.

Tena wazee wetu walilifikiria jambo hili kwa utaratibu, si kwa hadithi tu. Mali anayopewa mwanamke na wazazi na jamaa zake kwa ajili ya harusi inaitwa stridhan, na ni yake. Vitabu vya sheria vya Kihindu vimeitenga tangu zamani. Mmoja wa watunzi wao, Yajnavalkya, alipotaja hali ambazo mume akiichukua halazimiki kuirudisha, alitaja njaa kuu, ugonjwa, wajibu wa dini na kifungo. Kukopesha wenye vibanda Kongowea hakumo, na wala shemeji hakutajwa. Sheria ya Kenya ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 nayo inasema mali ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya ndoa haihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Mama alikuvisha bangili kabla hujaingia nyumba ile. Dini na serikali zimekubaliana, jambo ambalo halitokei kila siku.

Kwa mama mkwe wako nenda polepole. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Watu waliacha maduka yenye bidhaa ndani, mashamba ya miwa, nyumba zenye vitanda vilivyotandikwa, na wengi walinyang'anywa hata vya mkononi kwenye vizuizi vya njiani. Msichana aliyeyaona hayo hukua akijua kwamba kinachobaki ni ndugu na dhahabu inayobebeka. Akisema dhahabu ni ya nyumba, hakutamani bangili zako. Anaogopa siku ambayo nyumba itakuwa haina kitu. Basi muulize kwa upole: kama dhahabu ndiyo kinga yetu siku ya msiba, kwa nini ikalale kwa sonara? Shemeji akishindwa kukomboa, sonara ataziyeyusha, na bangili zikishayeyuka hakuna wa kumlalamikia. Nadhani swali hilo ataliona kabla hujalimaliza. Huyo ndiye wakili wako ndani ya nyumba ile, ingawa leo mnaonekana mko pande mbili.

Sasa riba. Majirani zetu Waislamu wamekatazwa riba moja kwa moja. Sisi hatukukatazwa hivyo, na ndiyo sababu kwa vizazi wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa wakopeshaji wa pwani hii. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mtu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, ilishika ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miaka mingi katika karne ya 19 na ikawakopesha masultani wenyewe. Hatupendi kuongeza kwamba sehemu ya mtaji huo ilizunguka katika misafara ya pembe na watumwa, na kwamba mwaka 1860 balozi wa Kiingereza Zanzibar, Rigby, aliwakomboa maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Kila shemeji anapokuambia kwamba kukopesha ni kazi ya asili yetu, mkumbushe kwamba asili yetu ina kurasa ambazo hatuzisomi Diwali.

Hata hivyo, kutokukatazwa hakukuwa ruhusa ya kumnyonya mtu. Manu, mtunga sheria wetu wa kale, aliweka kiwango: kwa mkopo wenye rehani, sehemu moja ya themanini kwa mwezi, yaani asilimia 1.25. Pasipo rehani aliruhusu mbili, kisha akaharibu kwa kupanga mpaka asilimia tano kufuata tabaka, aliye chini ndiye alipe zaidi. Hiyo sehemu mimi siifuati na sioni haya kusema. Lakini hata mtu mkali kama Manu, katika enzi yenye matabaka, hakufika kumi. Na kuna kanuni nyingine ya kale inayoitwa damdupat: riba inayodaiwa kwa wakati mmoja haiwezi kupita mtaji wenyewe. Ulikopa mia, hata ukichelewa miaka, hudaiwi zaidi ya mia mbili. Mahakama za Bombay ziliitumia kanuni hiyo enzi za Waingereza. Cha ajabu, Kenya ina kanuni ya namna hiyo hiyo kwa mabenki tangu 2007: mkopo ukishaharibika, benki haidai riba inayozidi deni la msingi lililobaki siku ulipoharibika.

Mpigie shemeji hesabu, tena mbele ya baba yake. Mwenye kibanda cha nyanya anakopa 50,000. Kwa asilimia kumi, kila mwezi riba ni 5,000. Mwezi wa kumi riba imefikia mtaji. Kwa damdupat, mita inasimama hapo. Je, yake husimama? Kama riba isiyolipwa anaijumlisha kwenye deni, kufika mwezi wa kumi na mbili yule muuza nyanya anadaiwa karibu 157,000. Hakuna fungu la nyanya linalozaa hivyo. Atakopa kwingine amlipe shemeji, au atahama Kongowea usiku, na hapo bangili zako ndizo zitakazokuwa zimelipa. Tena kitambulisho cha taifa si kitu cha kuwekwa rehani. Wakenya wana jina kwa mtu wa namna hiyo, shailoki, na jina likishamshika mtoto wa duka linashika na duka. Baba mkwe amejenga jina Mwembe Tayari kwa miaka mingapi? Muulize kama angependa wateja wa saruji waanze kulinong'ona.

Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 16, inataja milango mitatu ya jehanamu: tamaa ya mwili, hasira na uchu wa mali. Nalileta hapa, wala sikulielekeza kwako, kwa sababu umeniuliza kama kutaka mali ni dhambi, na naona mlango huo unamtazama mtu mwingine katika barua yako.

Tuje kwa mume na jiwe la marumaru. Nyumba yenu ni ya Swaminarayan, kwa hiyo sina haja ya kuleta maneno yangu. Chukueni Shikshapatri, kile kitabu kidogo cha shloka, yaani beti, 212 alichokiandika Swaminarayan huko Vadtal mwaka 1826. Kila mtu katika nyumba hiyo amekisikia kikisomwa. Sijui wangapi wamesikiliza kurasa za pesa. Kinasema mwenye nyumba atoe sehemu ya kumi ya kipato chake kwa Mungu, na mwenye uwezo mdogo atoe sehemu ya ishirini. Hapo ndipo watu husimama. Lakini kabla tu ya shloka hiyo, kitabu kimesema usitumie kuliko unavyopata, kwa maana anayefanya hivyo atapata taabu kubwa, kisha kikaagiza mapato na matumizi ya kila siku yaandikwe, tena kwa mwandiko mzuri. Fungu la kumi limekuja baada ya daftari. Huwezi kujua moja ya kumi ya kitu ambacho hukukihesabu.

Moja ya kumi ya 45,000 ni 4,500. Moja ya ishirini ni 2,250. Deni la ahadi lililobaki ni 140,000. Akitoa 4,500 kila mwezi ataimaliza kwa miaka miwili na nusu na kidogo. Akitoa nusu yake, miaka mitano na zaidi. Hizo ndizo hesabu za mtu anayeweza kutoa bila kuiba karo ya mtoto. Aende kwa wadhamini wa hekalu, awaeleze waziwazi, waandikiane malipo ya kila mwezi. Sijaona hekalu katika pwani hii lililomfukuza mtu kwa kuomba muda, na kuna seva pia, yaani kazi ya kujitolea hekaluni: mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana ujuzi wa kusimamia ukumbi unaojengwa, na ujuzi huo hekalu lingeununua kwa pesa. Karo ilipwe kwanza.

Na ile imani kwamba kinachotolewa kinarudi maradufu, Gita imeipangia daraja. Katika sura ya 17, sadaka njema kabisa ni ile inayotolewa kwa sababu inafaa kutolewa, mahali pake na wakati wake, kwa mtu asiyeweza kukurudishia. Ile inayotolewa kwa kutarajia malipo iko daraja la chini yake. Mimi sina ugomvi na marumaru. Zahanati na shule nyingi katika miji yetu zimesimama kwa sababu mtu alitaka jina la babake lisomwe mlangoni. Ninachokataa ni jina kuandikwa kwa pesa ambazo hazijapatikana.

Sasa swali lako. Mwanangu, dini yako haikukatazi kutajirika. Imeweka malengo manne ya maisha ya mwanadamu: dharma, yaani wajibu na uadilifu, artha, yaani mali na njia za kujikimu, kisha la tatu, ambalo kwa Kisanskriti huitwa "kama", yaani raha na mapenzi, na moksha, yaani ukombozi wa nafsi. Mali imetajwa kwa jina lake, ya pili, jirani kabisa na uadilifu. Kuacha vyote unakokusikia kwenye satsang ni wito wa sadhu, mtawa aliyevaa nguo za rangi ya zafarani. Wewe ni mwenye nyumba, grihastha, na hata Manu, ambaye leo nimemsema vibaya, anasema makundi mengine yote ya maisha, wanafunzi na watawa, yanakula kwa mkono wa mwenye nyumba. Wote mkiacha, huyo sadhu atalishwa na nani? Upanishad ya Isha, andiko letu la kale, katika ubeti wake wa kwanza kabisa, inasema ufurahie kwa kuachilia na usitamani mali ya mtu yeyote. Soma tena uone inamhusu nani zaidi: anayetaka kiwanja Mtwapa kwa jasho la karai, au anayetaka bangili za mke wa nduguye.

Nina kipimo kimoja ninachokitumia kwa pesa zote, nimekirithi dukani. Siku ya Diwali, Wagujarati hufanya Chopda Pujan. Daftari jipya la mwaka, lenye jalada jekundu, huwekwa mbele ya miungu yetu Lakshmi, Ganesh na Saraswati. Ukurasa wa kwanza huandikwa Shri, moja juu, mbili chini yake, tatu, mpaka limekuwa piramidi, na pembeni Shubh na Labh, heri na faida. Siku hizi wengine huweka kompyuta pale kwenye kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, na maua, na sioni ubaya. Tazama walivyowekwa hao watatu: Lakshmi wa mali hakai peke yake, Saraswati wa elimu yuko naye, na faida imeandikwa pamoja na heri. Kwa hiyo swali langu kwa kila shilingi ni hili: ingeweza kuandikwa katika daftari lile na kusomwa kwa sauti pale mbele? Chevda yako, ndiyo. Mauzo ya saruji, ndiyo. Riba ya shemeji, na jina la muuza nyanya na kitambulisho chake? Posho ya mume wako isiyo na karatasi? Na akiba yako ya 130,000 ambayo wakwe hawaijui?

Ndiyo, hiyo ya mwisho pia. Sikulaumu, mwanamke katika nyumba ya mfuko mmoja hujifunza kuficha. Lakini nyumba hii inaumwa ugonjwa mmoja, hakuna anayeandika, na wewe usiwe mgonjwa wa tano. Shikshapatri hiyo hiyo inaonya mambo ya ardhi na fedha yasifanywe bila maandishi na mashahidi, hata na mwanao, hata na rafiki. Hata na mwanao! Mtu aliyeandika hivyo karne mbili zilizopita alizijua familia zetu vizuri. Mume wako amwendee baba yake na kitabu mkononi, asiende na malalamiko, aombe mambo mawili: mshahara ulioandikwa, na sehemu yake ya duka iandikwe kwa wakili wakati mzee yuko hai na ana akili timamu. Huo si uasi. Nimeona ndugu waliolelewa sahani moja wakikutana kortini kwa sababu baba alidhani kuandika ni kutoaminiana. Akiba yako iandike wewe, mweleze mama mkwe wakati wenu wawili mkiwa jikoni. Mwanamke wa Jinja hatakasirika kusikia kwamba mkwe wake ana kitu pembeni. Pengine naye anacho.

Mambo ya kuwekeza nitayapitisha haraka, kwa sababu hapo huna shida ya dini bali ya kuanza. Katika 130,000, tenga 60,000 za dharura katika Sacco inayosimamiwa na mamlaka yake au mfuko wa soko la fedha. 50,000 ndicho kiwango cha chini cha hati fungani za kawaida za serikali, unanunua moja kwa moja Benki Kuu kupitia mfumo wake wa DhowCSD, bila dalali. Za miundombinu riba yake haikatwi kodi, ila angalia kiwango cha chini cha kila toleo. Zinazobaki rudisha kwenye biashara. Ukija kwenye hisa, utakutana na kampuni ya bia na kampuni ya sigara katika Soko la Hisa la Nairobi, na gawio lao huvutia. Wewe hunywi wala huvuti kwa ajili ya dini; usinunue faida ya kitu ambacho hukiingizi nyumbani mwako. Wengine wataniambia mfuko wa pamoja unaweza kuwa nazo ndani. Ni kweli, uliza orodha kabla ya kujiunga, ukiona haikupendezi nenda kwingine. Mtwapa iko Kaunti ya Kilifi, kwa hiyo upekuzi wa hati uanzie ofisi ya ardhi ya Kilifi. Usitoe hata amana kabla ya upekuzi, na uende ukaone nani anakaa pale. Pwani hii kuna hati zenye mwenyewe na ardhi zenye wakazi, na si lazima wawe watu walewale.

Pete usinunue. Shilingi 85,000 ni zaidi ya nusu ya akiba yako, na mnajimu anayejua pia bei ya jiwe huwa ananusa kamisheni. Ukitaka kumpendeza mama mkwe, funga Alhamisi, siku ya Guru, yaani Mshtarii, na haikugharimu kitu.

Sasa tuje kwenye karai. Umesema unaingiza 18,000, kisha ukasema mafuta na karanga ni humo humo na gesi ni ya nyumba. Basi hujui faida yako. Nunua daftari, lile la kawaida la shule, na kwa mwezi mmoja andika kila kitu: mafuta, karanga, mchele uliopondwa, zabibu, bizari, mifuko, nauli ya bodaboda ya kwenda Nyali, na mtungi wa gesi umedumu siku ngapi. Jilipe saa zako pia, hata kama ni kidogo. Nahisi utakuta faida halisi haifiki 9,000, na kwamba duka la Nyali, kama linachukua mzigo mkubwa na kulipa baada ya mwezi, ndilo linalokupunja. Likiwa hivyo, ama lilipe kwa wakati, ama bei ipande kwao kabla ya ofisini. Moja ya ishirini ya faida hiyo ni yako kuitoa hekaluni, kwa mkono wako, kwa jina lako au bila jina.

Anza tarehe mosi, usingoje Diwali. Na ukipandisha bei, waambie wa ofisini wiki moja mapema, uwape na pakiti ndogo ya kuonja ile gathia ya pilipili, maana hiyo hawajaizoea.